Uzamili wa diplomasia na utumishi wa umma: maswali ninayoulizwa sana hapa Kisumu

Jumamosi mbili kila mwezi huwa naketi na vijana waliohitimu katika chumba cha nyuma cha kanisa moja mtaani Manyatta. Wengi wametoka Chuo Kikuu cha Maseno, wengine Masinde Muliro kule Kakamega, wengine Egerton, na wachache Bondo. Wote wanatafuta mtu wa kuwalipia uzamili wa uhusiano wa kimataifa, sera za umma, amani au maendeleo. Maswali ni yaleyale, na mengi huingia kwenye simu yangu saa tano usiku. Nimeyakusanya hapa ili nipate kulala.

Ufadhili wa aina hii una tofauti gani na basari ya kawaida?

Basari huangalia alama zako na hali ya nyumbani kwenu. Huu wa utumishi wa umma unanunua kitu. Serikali ya Uingereza au ya Ujerumani inapokulipia karo, inatumaini kwamba miaka 15 ijayo, ukiwa mkurugenzi wizarani au mjumbe wa Kenya kule Addis Ababa, utakuwa umeshaijua, na wewe na watu wake mtakuwa mnapigiana simu. Mimi sioni ubaya wowote hapo, mradi kila upande ujue unachouza.

Ukishalielewa hilo utaacha kuandika insha za kuomba huruma. Nimesoma nyingi zinazoanza na paa linalovuja na kufukuzwa shule kwa ajili ya karo. Shida hizo ni za kweli. Nyingine nilizipitia mwenyewe. Lakini msomaji wa maombi ana rundo mbele yake, na anatafuta mambo mawili: umeshafanya nini kwa ajili ya watu, na ukirudi utafanya nini, wapi, na kina nani. Kila ufadhili nitakaoutaja una maswali hayo ndani yake.

Nikitafuta mtandaoni napata Pickering na Rangel. Naweza kuomba?

Huwezi, ila uwe raia wa Marekani. Kila mwaka kuna kijana anayepoteza wiki nzima hapo. Hiyo ni mipango ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ya kuwatafuta mabalozi wake wa kesho: Pickering ilianza 1992 na Rangel 2002. Mwanafunzi analipiwa miaka 2 ya uzamili, kisha anadaiwa angalau miaka 5 ya kazi katika utumishi wa ubalozi.

Soma masharti yake hata hivyo. Ni mkataba ulio wazi kuliko yote niliyowahi kuona: tunakusomesha miaka kadhaa, unatumika miaka kadhaa. Ile mingine inayotuhusu sisi inasema jambo hilohilo kwa sauti ya chini.

Basi Mkenya aombe upi?

Nitaanza na ule ninaoujua kutoka ndani. Chevening ni wa serikali ya Uingereza, ulianza 1983, na hulipia uzamili wa mwaka mmoja katika karibu chuo chochote cha huko. Unachagua kozi 3. Unahitaji shahada ya kwanza, saa 2,800 za kazi, na ahadi ya kurudi Kenya kwa miaka 2 baada ya masomo. Hauna kikomo cha umri. Mwaka wangu tulikuwa na mama wa miaka 46 aliyekuwa ameacha kazi ya uhasibu, na ndiye aliyetuongoza sote darasani.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa 1959. Kwa wengi wenu tawi linalofaa ni lile ambalo chuo cha Uingereza na tume ya ufadhili huo hugawana gharama, kwa sababu limekusudiwa mtu asiyeweza kabisa kujilipia. Chuo hukupendekeza, kwa hivyo unaomba kozi na ufadhili kwa pamoja. Kozi si zote. Soma orodha ya mwaka huo kwanza.

Ujerumani kuna mpango wa DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi na wasomi, uitwao Helmut Schmidt. Huu ni wa sera za umma na utawala bora hasa, na uliundwa kwa ajili ya vijana wa nchi kama yetu. Maombi hupokelewa kuanzia Juni hadi mwisho wa Julai na hutumwa kwa chuo chenyewe. Unaruhusiwa kuchagua kozi 2, na kabla ya masomo unafundishwa Kijerumani kwa gharama yao. Angalia tarehe ya cheti chako: wanataka shahada ambayo haijakaa zaidi ya miaka 6. Nashangaa jinsi ulivyosahaulika hapa kwetu. Kila mtu anakimbilia London.

Rotary, chama cha kimataifa cha vilabu vya kujitolea, hutoa ufadhili wa masomo ya amani. Uzamili hutaka uzoefu wa miaka 3, na usomewe nje ya nchi yako. Kuna pia cheti cha uzamili cha mwaka mmoja kwa watu wenye miaka 5 au zaidi kazini, na kituo chake cha Afrika kiko Chuo Kikuu cha Makerere. Sehemu kubwa ya mwaka huo unafanya mradi wako ukiwa nyumbani, na darasani Kampala unakaa miezi michache tu. Kwa mtu wa Busia, chuo kiko karibu kuliko Nairobi. Wanachama wa Rotary na watoto wao hawaruhusiwi, kwa hivyo usiogope kwamba ni mambo ya wenye vilabu.

Wachache sana huniuliza kuhusu Chuo Kikuu cha Afrika Nzima cha Umoja wa Afrika. Taasisi yake ya utawala iko Yaoundé, Cameroon, na kuna uzamili wa utawala na utangamano wa kikanda unaolipiwa na Umoja wenyewe. Utasikia Kifaransa kutwa. Nadhani hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwa maana ofisi za Addis Ababa zimejaa Wakenya wasiojua hata kusalimia kwa Kifaransa.

Marekani, mbali na Fulbright, ufadhili wa serikali yake, kuna vyuo vyenye fedha zao wenyewe. Shule ya masuala ya umma na ya kimataifa ya Princeton hulipa karo ya wanafunzi wake wa uzamili wa miaka 2, uwe na pasipoti ya nchi gani. Kuingia ndiyo kazi. Mipango ya serikali ya Marekani imeyumba tangu 2025, kwa hivyo yaliyoandikwa miaka mitatu iliyopita, hata na mimi, usiyaamini kabla ya kuyathibitisha kwenye tovuti ya ubalozi.

Nilisomea ualimu, Kiswahili na Historia. Diplomasia itanikubali kweli?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya aibu, na huwa linaniudhi kidogo. Mwalimu wa Kiswahili anaona haya gani? Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani kwa tamko la UNESCO. Kuna mikutano inayohitaji wakalimani, wahariri na waandishi wa hotuba, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyejifunza Kiswahili kwa video.

Njia moja unayoipuuza ni ule mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha. Kwa miaka mingi umewapeleka vijana wa Kenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Haukupi shahada. Unakupa mwaka wa kukaa ndani ya chuo, kuchukua kozi kadhaa za bure, na kuwajua wahadhiri watakaokuandikia barua baadaye.

Na Historia je? Migogoro ya mipaka inasomwa kwa mikataba ya zamani. Wewe uliyesoma jinsi mpaka ulivyochorwa una mahali pa kuanzia kuliko yule aliyesomea mauzo.

Sina kazi. Hizo saa 2,800 nitazitoa wapi?

Piga hesabu kwanza, maana namba hiyo inatisha bure. Kwa saa 40 kwa wiki, ni wiki 70. Kwa saa 20, ni wiki 140, yaani karibu miaka 2 na miezi 8. Kazi ya mshahara inahesabiwa, ya muda inahesabiwa, ya kujitolea na ya uanagenzi pia, na unaweza kuziunganisha.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja aliyesema hajawahi kufanya kazi. Nikamuuliza hushinda wapi. Akasema, "Huwa namsaidia mjomba pale Dunga, kwa wavuvi." Anamsaidia kufanya nini? Akatoa daftari la kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya samaki. Ndani, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na orodha ya mashua zilizotoka kila alfajiri, zilizorudi, kilo za mbuta na ngege, bei, na upande wa kulia safu yenye kichwa "shida". Chini ya safu hiyo aliandika vitu kama "nyavu 2 zimechukuliwa upande wa Uganda" na "gugumaji limefunga njia, wamelala majini". Miaka 2 na nusu, siku 5 kwa wiki, bila kukosa. Tuliketi na kikokotoo, na kufikia saa sita mchana alikuwa na saa zaidi ya 3,000. Mwenyekiti wa kikundi cha ufuo alimwandikia barua na kupiga muhuri.

Shika daftari. Andika siku, saa, kazi, na jina la mtu anayeweza kushuhudia. Kama huna pa kuanzia kabisa, kuna kujitolea mtandaoni kwa Umoja wa Mataifa, ambako unaweza kutafsiri au kuhariri ukiwa Ahero na simu na laptopu ya kuazima. Kuna pia mpango wa wanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, na ule wa vijana wa kujitolea wa Umoja wa Afrika ulioanza 2010, unaokuchukua mwaka mzima nje ya nchi yako. Saa ulizofanya kabla ya kuhitimu usizitegemee mpaka usome masharti ya mwaka unaoomba.

Mambo ya kimataifa yako Nairobi na Geneva. Mimi niko huku magharibi, nitaandika nini?

Ukiniuliza swali moja tu, niulize hili.

Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Samaki hajui mpaka, mvuvi anaujua anapokamatwa. Kisiwa cha Migingo ni mwamba mdogo usiozidi uwanja wa mpira, umejaa mabati, na umeleta polisi, mawaziri na wapima ramani wa Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000. Mkutano kuhusu Migingo ni diplomasia. Mjane wa Usenge anayesubiri mashua iliyozuiliwa naye ni diplomasia, na wewe unaweza kumhoji kesho asubuhi kwa nauli ya matatu.

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina makao yake makuu hapahapa Kisumu. Vijana hupita mlangoni pake wakienda kutafuta "mambo ya kimataifa" Nairobi. Busia, tangu 2018, Kenya na Uganda zina kituo kimoja cha pamoja cha mpakani ambapo lori hukaguliwa mara moja. Nenda ukakae pale siku nzima na mama wanaovuka na nyanya kwa beseni. Uliza kwa nini wengine bado wanapita njia za panya. Hapo una mada ya uzamili wa biashara ya kikanda, na hakuna mwenzako wa Ulaya aliye nayo.

Au chukua maji. Mito ya kwetu, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, inaingia ziwani, na ziwa linatoka kuwa Nile. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulianza kutumika Oktoba 2024 bila Misri na Sudan kuukubali. Kenya iliutia saini 2010. Mtoto wa Budalang'i aliyehama nyumba kwa mafuriko ana la kusema juu ya nani anayamiliki maji na nani anayalipia.

Insha ya uongozi iandikwe vipi?

Inaandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu wengi huvaa Kiingereza cha magazeti kama suti ya kuazima. Ninachowafanyisha vijana ni hiki: nisimulie kwanza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, kama unamsimulia shangazi jikoni. Kisha uiandike.

Mfano. Kijana mmoja wa Mumias alianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa kiongozi mwenye ari ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii." Nikamwambia hiyo ni ya watu elfu kumi. Nisimulie. Akasimulia: kijijini kwao kisima kilikuwa na ugomvi, familia mbili zikafunga mnyororo, yeye akaenda kwa chifu mara nne, mara ya tano akaenda na wamama 11, wakakubaliana zamu, na ratiba ikabandikwa kwenye mlango wa duka. Nani aliiandika ratiba? "Mimi." Ilidumu? "Mpaka leo, ila Jumapili bado wanagombana."

Hiyo ndiyo insha. Hata lile la Jumapili aliliacha ndani, na nafikiri ndilo lililowafanya wamwamini.

Usitumie mashine kukuandikia. Nimeshapokea insha tatu kutoka kaunti tatu zenye sentensi ileile ya kwanza.

Mhadhiri ameniambia niandike barua ya mapendekezo mwenyewe, yeye atie saini.

Hilo lilinipata. Mhadhiri wangu, katika chuo nisichokitaja, alinizungusha wiki 6. Nilikwenda ofisini kwake mara saba. Karani alinizoea hata akawa ananipa chai. Siku mbili kabla ya mwisho akaniambia, "Andika wewe, nitasaini." Nikaandika usiku, nikajisifu kwa haya, na barua ikasomeka kama risiti. Mwaka huo sikuitwa hata kwenye mahojiano.

Nilijifunza kuchagua mtu anayekujua badala ya mtu mwenye cheo. Msimamizi wako wa uanagenzi aliyekuona ukipanga mkutano ana mengi ya kusema kuliko profesa aliyekufundisha mkiwa 400 ukumbini. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo matatu uliyofanya mbele yake, tarehe zikiwemo, na umpe mwezi mzima. Mkumbushe kwa heshima: "Shikamoo Mwalimu, nilikuwa nakukumbusha ile barua." Usione haya kumkumbusha tena. Na mwombe mtu wa tatu awe akiba.

Ni kweli lazima ujue mtu mkubwa?

Kwa hizi nilizotaja, hapana. Sikujua mtu.

Ila kuna watu mjini watakaokuambia wanamjua. Atakuomba elfu kumi ya "kufungua faili", kisha elfu tano ya "muhuri". Kuomba Chevening, DAAD, Rotary au ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni bure. Chuo chenyewe kinaweza kutoza ada ya maombi, nayo unailipa kwenye tovuti ya chuo, si kwa M-Pesa ya mtu binafsi.

Nilipata daraja la pili, kitengo cha chini.

Chevening na wengi wa Uingereza hutaka kitengo cha juu au kinacholingana nacho. Jaribu Rotary, au anza na uzamili wa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha diplomasia tangu miaka ya 1970, na wengi mnaowaona kwenye balozi zetu walipita pale wakisoma jioni huku wakifanya kazi mchana.

Na mtihani wa Kiingereza, IELTS?

Usilipe kabla ya kuuliza. Baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE. Ukiufanya, matokeo hudumu miaka 2, kwa hivyo usiufanye mapema mno.

Siku ya mwisho ni siku ya mwisho kweli?

Ndiyo, na hata saa. Mara yangu ya kwanza tovuti iliandika 12:00. Kichwa changu kikasoma saa sita, nikaamua ni saa sita usiku, kwa sababu mambo yote ya mtandaoni huisha usiku wa manane. Nikala chakula cha mchana kwa raha. Saa kumi na moja jioni nikaketi kwenye saiba moja Barabara ya Oginga Odinga, nikalipia saa mbili, nikafungua ukurasa. Umefungwa. Ilikuwa saa sita mchana kwa saa za kimataifa, yaani saa tisa alasiri kwetu. Mwenye saiba aliniona nimekaa tu nikitazama kioo, akanirudishia pesa ya saa moja.

Tuma siku tano kabla. Stima ya huku unaijua.

Chevening hufunguliwa Agosti, hufungwa Oktoba mara nyingi, mahojiano huwa kati ya Februari na Aprili, majibu Juni, na safari Septemba. Ni mwaka mzima wa kusubiri, kwa hivyo usiache kazi.

Nitatoa pesa gani mfukoni ikiwa nimelipiwa kila kitu?

Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh7,500 tangu Machi 2024, na unaweza kuishughulikia ofisi ya uhamiaji ya Kisumu. Kwa Uingereza kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho kinafanyiwa Nairobi, na alama za vidole za viza, Nairobi pia. Ufadhili hurudisha baadhi ya gharama hizi, lakini kurudisha maana yake umeshatoa. Weka basi mbili au tatu za usiku kwenye bajeti, na mahali pa kulala kwa binamu.

Koti usinunue Ulaya. Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, waambie wanaofungua mabelo ya mitumba unataka la baridi kali, la manyoya ndani. Langu lilinigharimu Sh900 na lilishinda la mwenzangu wa pauni 120. Kwenye mfuko wake nilikuta tikiti ya treni ya mji ambao nilikuja kuupita miezi miwili baadaye. Lilikuwa limerudi nyumbani.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Niache?

Sitakujibu hilo kwa niaba yako. Ninachojua ni masharti: Chevening haitoi posho ya mtoto wala mume. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa darasani Uingereza hawaruhusiwi kuja na familia. Waliofadhiliwa na serikali wameachiwa nafasi, lakini gharama ni yako. Akina dada watatu niliowasaidia walimwacha mtoto kwa nyanya. Mmoja aliahirisha, akaomba cheti cha Makerere, akawa anamwona mtoto kila mwisho wa mwezi.

HELB wataniruhusu?

HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hawakuzuii uwanja wa ndege. Lakini deni halilali, na kuna faini ya Sh5,000 kwa mwezi kwa asiyelipa. Waandikie kabla ya kuondoka. Ukirudi kuomba kazi ya serikali utaombwa vyeti vya KRA (kodi), HELB, tume ya maadili, idara ya upelelezi na taasisi ya kumbukumbu za mikopo (CRB), vyote vitano, na hapo ndipo wengi huumbuka.

Nikirudi nitapata kazi?

Hakuna anayeweza kukuahidi. Nilirudi na shahada ya sera za umma nikakaa miezi 9 nikifundisha tuisheni. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada, miradi mingi ya afya hapa Kisumu ilifunga ofisi, na watu wenye uzamili wa maana walirudi sokoni kwa siku moja. Anayekuambia mashirika yanakusubiri hajatembea Milimani hivi karibuni.

Milango ninayoijua ni hii. Wizara ya mambo ya nje huajiri kupitia matangazo, na tangu sheria ya 2021 kuna utaratibu maalumu wa utumishi wa nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutangaza nafasi kwa mgao wa nchi, na kamisheni ya ziwa iko barabara mbili kutoka kwako. Umoja wa Mataifa una mtihani wa vijana wenye miaka isiyozidi 32, ila nchi zinazoruhusiwa hubadilika kila mwaka; angalia kama Kenya imo. Kaunti nazo zina kazi za kimataifa zisizoitwa hivyo: kaunti 14 za ukanda wa ziwa zina muungano wao, na mtu anayeweza kuandika pendekezo la mradi kwa mfadhili wa nje halali njaa muda mrefu.

Mimi ni mzazi. Mwanangu akienda, atarudi kweli?

Mzee, swali lako lina umri mkubwa kuliko mimi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na mwanasiasa Tom Mboya wa Rusinga iliwafikisha vijana 81 New York, na hadi mapema miaka ya 1960 walikuwa mamia. Jaramogi Oginga Odinga naye aliwapitisha wengine Cairo kwenda Urusi na Ujerumani Mashariki. Wazazi walichanga, wakauza ng'ombe, wakauliza hilohilo. Wengi walirudi na kuendesha nchi. Wengine hawakurudi. Na Robert Ouko, aliyekuja kuwa waziri wetu wa mambo ya nje, hakwenda mbali hivyo: alisoma Addis Ababa, kisha Makerere.

Siku hizi mikataba inamfunga kidogo. Chevening ni miaka 2 nyumbani. Viza ya Marekani ya wanaolipiwa na serikali nayo huwataka warudi miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi. Lakini wewe unamjua mwanao kuliko mkataba.

Nimekataliwa mara mbili. Nijaribu tena?

Mimi nilipata Chevening mara ya tatu, ukihesabu ile ya saa sita. Fungua ombi la zamani, lisome kwa sauti mbele ya mtu asiyekupenda sana, na ukatae sentensi yoyote inayoweza kuandikwa na mtu wa Mombasa bila kubadilisha neno. Kisha njoo Jumamosi na daftari lako. Chumba kinafunguliwa saa nne, na ukichelewa utakuta viti vimeisha. Tunavyo kumi na viwili, na kimoja kimevunjika mguu.